Kibuyu Chirizi: Somo la Kwanza la Mtoto Mwenye Usonji



Elimu ya mtoto mwenye usonji ninaianzia chooni na kwenye kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono kwa kukanyaga kijiti, si ubaoni, kwa sababu huko ndiko anakokataliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtambulia haki ya kusoma, lakini mlango wa darasa hufungwa kwa maneno machache tu: "Mrudishe akishajua kujisafisha."

Tumchukue mtoto wa miaka 7 huko milimani Vidunda, Kilosa. Kwetu kunawa ni jambo moja. Kwake ni mambo saba: kukanyaga kijiti, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua, kuachia sabuni, kusuuza, kujifuta. Mama akisema "nawa", amemtwisha yote saba kwa mkupuo.

Njia ninayoiamini huanzia mwishoni. Mama amshike mkono katika hatua sita, ile ya kujifuta kwa kipande cha khanga amwachie mwenyewe, na amsifu papo hapo. Akiizoea, aachiwe kusuuza na kujifuta. Hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwenye kijiti. Mkono wa mama nao uondoke taratibu: kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kisha begani, kisha asimame nyuma yake, kimya. Nasisitiza nyuma. Mtoto aliyezoea kuutazama uso wa mama ndipo atende, atausubiri uso huo hata mama asipokuwepo.

Lugha nayo ina uzito. Nyumbani ni Kividunda, shuleni Kiswahili. Neno la kunawa libaki moja kwanza, lile la nyumbani, na mwalimu ajifunze kulitamka.

Asubuhi za Juni na Julai maji ya mlimani ni baridi. Mtoto anapiga kelele, jirani anasema kadekezwa. Hapana, anaumia. Watoto wengi wenye usonji huhisi baridi, harufu na mguso kwa ukali tusioujua sisi. Tieni maji ya moto kidogo. Choo cha shimo nacho kina giza na tundu lisiloonekana mwisho. Siku za kwanza asimame mlangoni tu, mchana, pamoja na mama.

Na mama huyu asilaumiwe. Daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, aliieleza hali ya usonji mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa Ulaya na Marekani walidai kwamba inatokana na wazazi wasio na upendo. Dai hilo lilikuwa la uongo kama lilivyo dai kwamba mtoto amerogwa.

Walimu wakuu wa Kilosa na Mikumi, nawaomba: mpokeeni mtoto huyu kabla hajajua kujisafisha. Fungeni kibuyu chirizi kando ya choo cha shule, kiwe sawasawa na kile cha nyumbani kwao, na kipindi cha kunawa kiandikwe kwenye ratiba.