Kusoma Bila Mwalimu: Mombasa, Barcelona na Sisi wa Bujumbura



Mwaka 1930 watu wa Mombasa walianza kupokea karatasi iliyoitwa Sahifa. Iliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, hivyo hata aliyeishia chuo cha Kurani aliweza kuisoma, na asiyejua kusoma akasomewa barazani. Mwenyewe alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 katika ukoo uliowahi kuitawala Mombasa. Mwaka 1932 akaongeza gazeti, Al-Islah, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika kurasa hizo aliwaambia Waislamu wenzake maneno yaliyowachoma. Aliwaambia kwamba wamebaki nyuma, na kwamba lawama haimwangukii mkoloni peke yake. Wasome elimu za kisasa, wajifunze biashara, wawasomeshe binti zao, waache kujifilisi kwa harusi na matanga. Papo hapo akawageukia vijana walioiga mavazi na mienendo ya Wazungu wakadhani kuiga huko ndiko kustaarabika, nao akawakemea vilevile.

Kwa hiyo alipata wapinzani pande mbili. Wazee wengi waliiona shule ya serikali kuwa mlango wa kutokea katika dini. Vijana waliokwisha kupita mlango huo hawakupenda kuambiwa warudi darsani. Mimi nataka tuwasikilize wazee kwanza, kwa sababu wanadharauliwa upesi mno katika historia zetu, na hofu yao ilikuwa na msingi.

Tazameni darsa la pwani lilivyoendeshwa. Mtoto huanza chuoni kwa ubao na wino, akahitimu msahafu. Baadaye akiwa kijana hukaa mbele ya sheikh msikitini au nyumbani kwake. Anaanza na Safina, kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafi, na akijaliwa umri na subira hufika Minhaji ya Imam Nawawi. Sheikh husoma sentensi ya Kiarabu, akaifasiri kwa Kiswahili, akaeleza, akaulizwa, akaendelea. Baada ya miaka mwanafunzi hupewa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu kile, na ijaza hiyo humtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, hadi kwa mtunzi. Elimu katika mfumo huu inakaa kwa watu. Kitabu peke yake hakitoshi kumpa mtu haki ya kusema.

Sasa linatokea gazeti. Msomaji wake hana sheikh mbele yake. Analinunua, analisoma chini ya mwembe, na jioni anawabishia wazee msikitini kuhusu maulidi, kuhusu ziara za makaburi, kuhusu shule. Mzee aliyekaa darsani miaka ishirini anaulizwa dalili na kijana aliyesoma kurasa nne. Hapo ndipo palipouma.

Na Al-Amin mwenyewe hakutoka nje ya mnyororo huo. Alisoma kwa Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, mkubwa wake wa ukoo, kisha Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, mabwana wakubwa wa elimu ya Kishafi wa zama zile. Aliyakuta mawazo ya mageuzi ya Muhammad Abduh na ya Rashid Rida wa gazeti la Al-Manar la Cairo akiwa tayari ana Minhaji kifuani. Aliweza kumkosoa mzee kwa kitabu cha mzee mwenyewe. Nitarudi kwa jambo hili, kwa maana ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Kwanza niruhusuni niwapeleke mbali kidogo. Mwezi wa Julai mwaka 1305, katika sinagogi la Barcelona, ilitangazwa amri yenye adhabu ya kutengwa. Aliyeitoa ni Rabi Shlomo ben Aderet, kiongozi mkubwa wa Wayahudi wa Hispania wakati ule, pamoja na wenzake wa mji. Kwa muda wa miaka 50, Myahudi yeyote wa jamii yao aliye chini ya miaka 25 alikatazwa kusoma vitabu vya Wayunani kuhusu maumbile na kuhusu elimu ya Mungu. Utabibu uliachwa nje ya marufuku, maana watu huugua na watoto wao pia. Vitabu vya Moses Maimonides navyo havikuguswa.

Maimonides ni nani? Alizaliwa Cordoba mwaka 1138, mji uleule aliozaliwa mwanafalsafa Ibn Rushd miaka 12 kabla yake. Akahama na jamaa zake kwa sababu ya mateso, akaishia Fustat nchini Misri. Ndugu yake David alikuwa mfanyabiashara wa vito. Barua aliyoiandika David kutoka bandari ya Aydhab, kwenye Bahari ya Sham, akimweleza kaka yake taabu za jangwani na nia yake ya kwenda India, ingalipo hadi leo. Baadaye David alizama katika Bahari ya Hindi, bahari ya majahazi yetu, akazama na mali ya ukoo. Maimonides aliugua muda mrefu kwa huzuni, kisha akaishi kwa utabibu. Mtu huyo aliyekuwa akiwatibu wakubwa wa Misri ndiye aliyeipanga sheria yote ya Kiyahudi katika vitabu 14, na mnamo mwaka 1190 akamaliza Mwongozo wa Waliotatizika, kwa lugha ya Kiarabu na herufi za Kiebrania. Alimwandikia mwanafunzi aliyekuwa na Torati mkono mmoja na Aristoteli mkono wa pili, hajui aushike upi.

Maimonides hakumtaka mwanafunzi huyo aachie mkono wowote. Ila aliweka utaratibu: mantiki na hesabu kwanza, kisha elimu ya maumbile, na elimu ya Mungu mwisho. Asiyepitia ngazi asikimbilie darini. Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiebrania mwaka 1204 na Samuel ibn Tibbon, kikasambaa kusini mwa Ufaransa, ngazi haikusambaa nacho. Watu walikipata kitabu bila mwalimu. Miaka ya 1230 Rabi Solomon wa Montpellier na wanafunzi wake wakakipiga marufuku. Miji mingine ikawapiga marufuku wao. David Kimhi, mfafanuzi mashuhuri wa Biblia, alisafiri uzeeni mwake kwenda Hispania kutafuta waungaji mkono wa Maimonides. Nahmanides wa Girona, ambaye hakuwa mfuasi wa falsafa, aliandika barua akiwasihi wote wapunguze ukali. Sauti yake haikusikika vya kutosha.

Ugomvi ulipofufuka mwanzoni mwa miaka ya 1300, malalamiko ya Abba Mari wa Lunel yalikuwa mahususi. Wahubiri vijana, alisema, wanasimama mbele ya watu kueleza kwamba Ibrahimu na Sara si watu bali ni mfano wa umbo na maada. Fikirini mzee aliyemzika baba yake kwa jina la Mungu wa Ibrahimu, anakaa kwenye karamu, na kijana anamwambia kwamba Ibrahimu ni istiari. Siwezi kumlaumu mzee huyo kwa kutafuta msaada Barcelona. Abba Mari hakuwa mjinga, na Ben Aderet mwenyewe alikuwa mjuzi mkubwa, hata barua zake za kujibu maswali ya sheria zinasomwa hadi leo kwa maelfu.

Lakini amri yao naihesabu kuwa kosa, na aliyeonyesha kosa hilo vizuri ni Menachem Meiri wa Perpignan. Barua yake imetufikia kwa sababu mpinzani aliyemjibu aliinukuu sehemu kwa sehemu. Tumshukuru mpinzani huyo. Meiri hakubishana kwa nadharia. Alitaja watu: tazameni fulani, bingwa wa Talmud, naye kasoma falsafa, tazameni na fulani. Wanaozijua elimu zote mbili wako kati yetu, na dini yao imara. Hao ndio wangeweza kuwaongoza vijana wale, na amri inawafunga midomo mbele ya vijana haohao.

Kijana wa miaka 18 aliyekwisha kuambukizwa swali hangoji afike 25 ndipo alijibu. Atasoma kwa siri, atasoma nusunusu, na atakayemweleza ni kijana mwenzake. Marufuku iliyokusudiwa kukomesha kusoma bila mwalimu ilimwondoa mwalimu. Mwaka uliofuata, 1306, mfalme Philip wa Nne aliwafukuza Wayahudi wote katika milki yake ya Ufaransa, na wasomi wengi wa kusini wakatawanyika wakiwa bado hawajapatana.

Waislamu wenzangu watanikumbusha Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alichojibiwa na Ibn Rushd. Ni kweli. Ila Ghazali aliisoma falsafa kwanza hadi akaweza kuieleza kama wenyewe, ndipo akaipinga. Na mantiki hakuikataa, bali aliiingiza katika elimu ya misingi ya sheria. Upinzani wa namna hiyo ni elimu. Kuna Mkatoliki jirani yetu pia wa kumtaja: Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyechukua zana za Aristoteli akazipimia fikra zilizomo katika Kinyarwanda, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1956. Wapo waliomkosoa vikali, akina Paulin Hountondji wa Benin. Nao walimkosoa baada ya kumsoma.

Narudi pwani. Aliyeendeleza kazi ya Al-Amin kwa sauti kubwa zaidi ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, mwalimu wa shule na mwanachuoni wa msikiti kwa pamoja. Mwaka 1969 tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka, baada ya ile ya Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana ya mwaka 1923 na ile ya Ahmadiyya ya mwaka 1953. Aliitwa Wahabi kwa msimamo wake dhidi ya bidaa, yaani uzushi katika dini, na ubishi kati ya wanaofuata mwelekeo wake na wapenzi wa maulidi ya msikiti wa Riyadha wa Lamu haujaisha. Hata hivyo Farsy huyohuyo aliandika kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, na humo amewataja kwa heshima mabwana ambao desturi zao alizipinga. Aliwajua kwa sababu wao ndio walioifikisha elimu hadi kwake. Mtu aliyejifunza dini kwa vijitabu tu angeandika kitabu hicho kwa namna gani?

Na hapa kwetu Bujumbura? Uislamu ulifika kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika na watu wa misafara kutoka pwani kupitia Ujiji, ukaota Rumonge, Nyanza-Lac na Usumbura, jina la mji huu wakati ule. Chini ya Wabelgiji shule zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni. Wazazi wengi wa mtaa wetu wa Buyenzi waliona shule na ubatizo vinakwenda pamoja, wakawazuia watoto wao. Wazee hao pia siwalaumu. Walilinda walichokuwa nacho. Gharama yake ilikuwa kubwa. Watu wanaozungumza lugha nne, wanaofanya biashara kutoka Kigoma hadi Uvira, walikosekana katika ofisi, katika hospitali, na katika chuo kikuu kilipofunguliwa mjini humu mwaka 1964.

Leo mtoto wa Buyenzi anakwenda kote kuwili. Madrasa kwa Kiswahili na Kiarabu, shule kwa Kirundi na Kifaransa. Kwa mwalimu mmoja anasikia kwamba Mungu amemuumba Adamu kwa udongo. Kwa mwalimu mwingine anachora mchoro wa viumbe vilivyobadilika kwa mamilioni ya miaka. Ustadh hajaliona daftari la biolojia. Mwalimu wa biolojia hajui Safina ni nini. Mtoto anabeba madaftari yote katika mkoba mmoja, na jibu la swali lake analitafuta usiku kwenye simu, kwa mhubiri asiyemfahamu, wa nchi asiyoijua, asiye na ijaza ya mtu yeyote. Mwanafunzi wa seminari na kijana wa kanisa la kilokole wa Kamenge wamo katika hali hiyohiyo. Tunalaumu simu. Sisi ndio tuliomwacha bila mwalimu.

Basi maombi yangu ni haya. Chuo kikuu chetu kifungue somo la historia ya fikra za dini ambamo Ghazali, Maimonides, Tomaso wa Akwino, Kagame na Al-Amin Mazrui wanasomwa kwa maandishi yao, si kwa sifa zao. Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha za somo hilo, kwa kuwa maandishi ya Al-Amin na Farsy yako katika lugha hiyo na watu wa mji huu wanaisoma. Masheikh wa Buyenzi, mapadri na wachungaji waalikwe kufundisha humo, walipwe kama wahadhiri wengine, na wasikie maswali ya wanafunzi wetu kwa masikio yao. Na sisi wenye shahada, ambao tumezoea kuieleza dini ya watu bila kuketi mbele ya anayeifundisha, twendeni tukaketi. Nimekwisha kuomba nafasi katika darsa moja la baada ya Alasiri, nami nimekubaliwa. Anayetaka kufuatana nami aandike jina lake kwenye daftari lililo mlangoni kabla hajaondoka.