Jiko la Makaa Usiku wa Baridi

 

Leo tunazungumza juu ya baridi. Sisi wakazi wa Thika na Ruiru tunaijua vizuri. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huchelewa kutokea, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 12. Mama anayetoka zamu ya usiku kiwandani, akirudi Kiandutu, Makongeni au Kihunguro alfajiri, hana haja ya kuelezwa. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja chenye dirisha dogo. Makaa yaliyoivisha githeri bado yanawaka, na kuyamwaga ni hasara. Basi jiko linaachwa ndani, mlango unafungwa, na tambara linasukumwa chini yake ili upepo usiingie.

Mama, hapo ndipo penye hatari. Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala anaweza asiamke tena. Watoto wadogo, na mtoto aliye tumboni, hudhurika upesi zaidi.

Utasikia mtu akisema, "Langu halina moshi, makaa yamekuwa mekundu kabisa." Makaa mekundu hutoa sumu hiyo hiyo. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya jiko wakiamini maji yatainyonya. Hayainyonyi.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Ni rahisi kudhani ni mafua. Lakini kama watu wa nyumba moja wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku jiko. Watoe watu wote nje kwanza, ukiacha mlango wazi. Usikawie kutafuta maziwa: hayaondoi sumu iliyo katika damu, na aliyezimia anaweza kupaliwa. Anachohitaji ni oksijeni, kwa hiyo mkimbize hospitali, kwa mfano Thika Level 5. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Je, utapataje joto? Ukimaliza kupika, toa jiko nje na ufunike makaa kwa mchanga. Yatazimika na utayatumia kesho. (Najua majiko huibiwa kwenye ploti, likishazimika na kupoa kabisa, lirudishe ndani.) Ziba nyufa za mabati kwa katoni, lakini acha nafasi ya hewa dirishani. Mtoto mchanga mvalishe kofia na soksi, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, ujifunike naye blanketi ukiwa macho.

Baridi pia ni msimu wa kikohozi, na si kila kikohozi ni cha kungoja. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huenda ni nimonia. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usingoje kupambazuke. Angalia pia kijitabu chake: chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011, hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Zamani mambo haya tulipeleka kwa baraza la manispaa. Tangu 2013 huduma za afya ziko chini ya Kaunti ya Kiambu, na msaada ulio karibu zaidi nawe ni mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani kwenu. Tangu 2023 wahudumu hawa wamepewa mikoba yenye vifaa kama kipimajoto. Muulize mwenye ploti au chifu ni nani anayehudumia nyumba zenu, kisha mwombe akufundishe kuhesabu pumzi. Ni haki yako, si hisani. Kama hujajisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, piga *147#. Waliojisajili hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali.

Na wewe unayekwenda zamu ya usiku leo, kabla hujatoka mwonyeshe anayebaki na watoto mahali jiko litakapowekwa nje. Mwachie simu yenye chaji.

Tukutane tena wiki ijayo. Usiku mwema.