Mchele wa Kahawia Jikoni Mwako

Leo tuko jikoni, na kwenye sufuria kuna mchele wa kahawia. Wengi wenu mmeuona dukani mkaupita, kwa sababu mmesikia kwamba ni mgumu, hauivi, na unamaliza makaa.

Mchele huu si mgeni. Mpunga wa Mwea au wa Ahero ukitolewa ganda la nje peke yake, punje hubaki na ngozi nyembamba ya kahawia pamoja na kiini chake. Mashine ikizidi kuukoboa, ndipo unapokuwa mweupe. Ile ngozi na kile kiini ndivyo vyenye nyuzinyuzi na vitamini B1 kwa wingi. Nyanya zetu waliotwanga mpunga kwa kinu na mchi walikula mchele wenye sehemu ya ngozi hiyo, wala hawakuuita chakula cha wagonjwa.

Siri ya kuupika ni kuuloweka. Chagua mawe, uoshe, kisha uloweke. Ukiwa mahali pa baridi kama Limuru, waweza kuulaza usiku kucha. Ukiwa Mombasa au Garissa kwenye joto, saa mbili au tatu zatosha, maana maji yakikaa sana huchacha. Mwaga maji hayo. Kwa kila kikombe 1 cha mchele tia vikombe 2 vya maji mapya na chumvi kidogo. Yakichemka, punguza moto, funika, uache kwa muda wa dakika 30 hivi. Usipouloweka utahitaji kama dakika 45, na hapo ndipo makaa yanapoisha. Usikoroge, utauvunja. Ukiona maji yamekauka na kiini bado kigumu, ongeza maji moto kidogo, usitie baridi. Wanaopenda nazi, pikeni kwa tui jepesi, lile zito litiwe mwishoni.

Kama una kikapu cha kupikia kilichojazwa nguo kuukuu au blanketi, chemsha mchele uliolowekwa kwa dakika 15, uuingize humo na mfuniko wake, uendelee na kazi zako kwa saa moja na nusu bila kufunua. Usitarajie ulainike kama pishori mweupe. Punje hutafunika kidogo hata ikiiva.

Sasa, nani ale? Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, mchele huu kwa kawaida hupandisha sukari polepole kuliko mweupe. Lakini bado ni wanga, na sahani ikifurika sukari itapanda. Na mtu akikuambia mgonjwa aache tembe au sindano kwa sababu anakula wali wa kahawia, usimsikilize.

Mtoto mdogo ni jambo jingine. Tumbo lake ni dogo, na nyuzinyuzi humshibisha kabla hajapata nguvu za kutosha. Aliye chini ya miaka miwili mpe kidogo, uliopondwa vizuri na ndengu au samaki asiye na miiba, na mafuta kijiko kimoja.

Bei yake nayo hupita ya mchele wa kawaida. Usikose kununua mboga na mayai ili upate mchele huu. Unga wa posho mill usiokobolewa pia una ngozi na kiini cha mahindi.

Neno kuhusu kiporo. Wali wowote ukikaa nje usiku kucha huweza kuzalisha sumu ambayo haiishi hata ukiupasha moto. Kama una friji, uweke humo kabla ya saa mbili kupita. Kama huna, pika wa kuliwa leo tu, na ulioachwa juu ya meza hadi asubuhi usimpe mtoto wa kwenda shule.

Wiki ijayo tutapika ndengu. Kwaheri kwa sasa.