Kabla ya Kutoa Fedha kwa Motaboti Kuukuu

(Maneno ya ndugu mmoja, fundi wa injini za dizeli katika reli, mbele ya mkutano wa wanachama, Mombasa)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya ile motaboti iliyofungwa kule Mtwapa. Habari yake mwaijua. Wenzetu 12 wamepata kiinua mgongo, nao wataka kuweka fedha zao pamoja wainunue, wachukue wageni kwenda kuvua na kutazama miamba. Mwenye boti ameshusha bei mara mbili, na sasa ataka amana kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi sikuja hapa kumkataza mtu. Nilikwenda kuitazama, lakini kwa macho tu, maana mwenyewe hakutaka iguswe siku ile. Ni ya faiba, futi 38, ina injini mbili za dizeli, na kwa kauli yake mwenyewe haijatoka pale kwa miaka minne. Nje yang'aa. Rangi ni mpya kabisa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote, maana sijaona mtu apakaye rangi chombo asichokitumia ila ana sababu.

Kwanza, bei. Boti ikizeeka bei yake hushuka, lakini bei ya pampu zake, ya injekta zake na ya rafadha zake haishuki. Muuza spea hakuulizi boti uliinunua kwa kiasi gani. Wenye vyombo hukadiria kwamba matunzo ya mwaka mmoja yaweza kufika sehemu moja ya kumi ya thamani ya chombo. Basi hesabu hiyo msiifanye kwa bei hii iliyoshushwa, ifanyeni kwa bei ya boti kama hiyo ikiwa mpya, ndipo mtaona kwa nini mwenyewe ana haraka. Tena kumbukeni kwamba kazi ya wageni haiko mwaka mzima. Kusi ikivuma kwa nguvu, tangu mwezi wa Mei hata Julai, wavuvi wengi wa bahari kuu hufunga boti zao. Mlinzi, maegesho, bima na kutu havifungi.

Sasa injini. Sisi wa reli tunaelewa kwamba mtambo uliosimama huugua zaidi ya mtambo ufanyao kazi. Ringi hushikana na pistoni, silinda hupata kutu, maji hujikusanya ndani ya tangi la dizeli, na uchafu mweusi humea humo na kuziba filta. Meli yetu ya Uhuru kule Kisumu, iliyobeba mabehewa juu ya Ziwa Viktoria, ilikaa miaka mingi bila kazi hata ikarudishwa majini mwaka wa 2019. Lakini nyuma yake lilikuwako shirika zima. Nyuma ya boti hii wako wazee 12.

Siku ya kuijaribu fikeni mapema, na jambo la kwanza kabisa wekeni mkono juu ya injini. Ikiwa ina moto, ulizeni ni nani aliyeiwasha alfajiri, na kwa nini. Dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiisha kupata moto. Ugonjwa wake huonekana ikiwashwa baridi. Mkiikuta na moto, rudini nyumbani, mje siku nyingine bila kupiga simu. Ikiwa ni baridi, chomoeni kijiti cha oili kabla haijawashwa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni oili iliyoingiwa na maji, na hapo msiwashe kitu. Kisha chukueni oili kidogo ya kila injini na ya kila gia, mkaipeleke kupimwa kama tunavyofanya kwa injini za treni. Vipimo vyaweza kuonyesha chembe za chuma na chumvi ambazo jicho halizioni.

Ikiisha kuwaka, mtu mmoja asimame nyuma, kwenye tezi, atazame moshi. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua yote. Labda injekta ni chafu, labda hewa haitoshi, labda injini imelemewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si neno, lakini usipokoma injini ikiisha kupata moto, kuna dizeli isiyowaka au maji yapitayo mahali pasipo pake. Mtu huyo atazame na maji pia. Hapa ndipo motaboti inapoachana na injini yetu ya treni. Sisi tuna rejeta na feni, upepo ndio upozao. Motaboti nyingi za namna hii huvuta maji ya bahari kwa pampu yenye gurudumu dogo la mpira. Maji hayo ya chumvi hupoza maji baridi yanayozunguka ndani ya injini, kisha hutolewa nje pamoja na moshi. Yakitoka kwa uchache, gurudumu la mpira limekufa au mabomba yameziba. Na pale maji yanapokutana na moshi, kwenye kiko cha ekzosi, chumvi na moto hula chuma kutoka ndani, nje kisionekane chochote. Kiko hicho kikitoboka ndani, maji ya bahari yaweza kurudi hata kwenye silinda. Kifungueni. Mwenyewe akikataa kisifunguliwe, hesabuni kwamba kimeoza, mkatoe fedha yake katika bei.

Baada ya hapo lazima itoke baharini, si kuzunguka palepale ilipofungwa. Iende saa moja au zaidi, na kwa dakika kadhaa ikazwe mpaka mwisho. Ikiwa kwenye bamba la injini imeandikwa mizunguko 2,400 kwa dakika nayo inagota 2,000, ama injini imechoka, ama rafadha si yake, ama chini mna chaza na majani. Tazameni geji ya moto kama yatulia au yazidi kupanda. Pimeni na dizeli. Injini mbili zenye nguvu za farasi 150 kila moja, zikikazwa zote, hula kama lita 60 kwa saa moja. Zidisheni kwa bei ya pampu ya leo, mkagawe kwa idadi ya wageni, nanyi mtajua kama hii ni biashara au ni matembezi.

Juu ya mwili wa boti. Zamani katika stesheni alikuwako mtu mwenye nyundo ya mpini mrefu, akipita kando ya treni akigonga magurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele; lenye ufa huitika kama chungu kilichopasuka. Faiba nayo hukaguliwa vivyo hivyo, ila kwa nyundo ndogo ya plastiki. Palipo pazima hutoa sauti kavu, kali. Palipoachana au palipoingia maji sauti huzama. Sitaha za boti nyingi zina mbao nyepesi katikati ya tabaka mbili za faiba, na mvua ikipenya kwenye tundu la skrubu mbao hiyo huoza humo ndani kwa siri. Tembeeni juu yake kwa miguu mitupu. Pakibonyea, pameoza.

Chini ya maji hapaonekani ila boti ivutwe nje. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na wenye majahazi hupweleza vyombo vyao mchangani wakavisugua maji yakipwa. Hii isifanyiwe hivyo, kwa kuwa rafadha na shafti zake zimening'inia chini, na ikizilalia kwa uzito wake huenda zikapinda. Ivutwe kwa gari la yadi. Hapo tafuteni malengelenge katika faiba; likitobolewa na kutoa maji yenye harufu kama ya siki, maji yamekwisha kuingia ndani ya faiba. Tazameni vipande vya zinki, ambavyo kazi yake ni kuliwa badala ya shaba na chuma. Ikiwa vimekwisha, bahari imegeukia rafadha. Rafadha iliyogeuka rangi ya waridi imepoteza nguvu, hata ikiwa umbo lake ni zima. Shikeni shafti mkaitikise. Na kila valvu itoayo au iingizayo maji ifungwe na kufunguliwa kwa mkono, maana boti huweza kuzama palepale ilipofungwa, bahari ikiwa shwari, kwa bomba moja la mpira kupasuka na valvu yake kukataa kufunga.

Waya zilizoungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, hizo zote ni za kutupwa. Gesi ya kupikia ikivuja hushuka chini katika ngama ikasubiri cheche. Sitasema zaidi.

Makaratasi ni kazi ya Bwana Katibu. Aende Kenya Maritime Authority aulize jina la mwenyewe, ukaguzi, na masharti ya kuchukua abiria kwa malipo. Na kwa watu wa ushuru aulize kama ushuru ulilipwa boti ilipoingia nchini. Hapa Mombasa hatuna haja ya kuelezwa kwa nini abiria wana sheria zao. Feri ya Mtongwe ilipinduka Aprili 29, 1994, ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu 272.

Ndugu mmoja aliniambia jana, "Sisi wenyewe ni mafundi, tutaitengeneza." Ni kweli, mikono tunayo, na ya bure. Lakini mikono haizai kiko cha ekzosi cha injini ambayo mwenye kuitengeneza ameacha kuiundia spea. Kabla ya yote aandikiwe muuza spea, kwa namba ya injini, ajibu kwa maandishi ni vitu gani bado vinapatikana na kwa bei gani. Tena mimi nazijua dizeli, faiba siijui kama mtu aliyeisomea. Na atafutwe mkaguzi wa vyombo, alipwe na sisi, asiwe mtu aliyeletwa na mwenye boti.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba amana isitolewe ila kwa mkataba unaosema itarudishwa yote kama boti ikikataliwa baada ya kuvutwa nje na kujaribiwa baharini. Kwa ukaguzi na kuivuta, wale 12 wachange sawa. Hata wakiacha kununua, watakuwa wamepoteza kidogo tu katika jasho la miaka 30. Bamvua ni juma lijalo, maji yatatosha kuifikisha yadi. Wataka kwenda nami wampe Katibu majina yao leo, na waje na nguo za kazi. Mwenye swali na aulize.