NGOMA YA KUAZIMA, SAUTI YETU WENYEWE

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wa chama, Sumbawanga)



Tumeombwa tuseme juu ya muziki wa kufokafoka, yaani hip hop. Wazee wengine hunung'unika kwamba muziki huu si wetu. Ni kweli ulizaliwa New York, katika mtaa wa Bronx, mwaka 1973. Lakini mahindi nayo asili yake ni bara la Amerika. Mababu zetu hapa Ufipa walikula ulezi. Je, leo nani atatuambia kuwa ugali wetu ni wa kigeni? Kitu huwa chetu kwa jinsi tunavyokilima.

Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice, akaufokea kwa maneno ya Kiswahili. Ngoma ilikuwa ya kuazima, lugha ikawa yetu. Miaka kumi baadaye, 2001, Profesa Jay alitoa "Ndiyo Mzee", akamwigiza mwanasiasa anayeahidi makubwa nao watu wanaitikia tu. Kila mwenye masikio alimtambua mtu yule. Hapo wimbo ulikuwa wetu kabisa. Jirani zetu wa Mbeya walimchagua Sugu kuwa mbunge mwaka 2010, na Profesa Jay akachaguliwa Mikumi mwaka 2015.

Basi ukweli wa wimbo hautokani na kofia wala suruali ya mwimbaji. Hutokana na yeye kukijua anachokisema, na kuwa tayari kukijibia. Na kujibia kuna gharama. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe. Aprili mwaka huo huo Roma alitekwa studioni, Dar es Salaam, na watu wasiojulikana, akapatikana baada ya siku chache. Yatupasa tukumbuke hayo kabla ya kuwahimiza vijana waseme kweli, huku sisi tumejificha.

Sasa tujiseme wenyewe. Sisi waandaaji wa mikutano tuna kosa. Ukifika uchaguzi twamtafuta mwanamuziki, twampa fulana, nauli, na karatasi yenye majina ya kusifiwa. Watu hujaa uwanjani, nasi twaandika taarifa kwamba chama kinapendwa. Kijana mmoja alituuliza: "Nikiimba mlichoandika, kesho nikiimba kwamba bei ya mahindi imeanguka, mama yangu ataniamini?" Hatukuwa na jibu. Chuo cha ualimu kilitufundisha kwamba mwanafunzi anayekariri bado hajaelewa. Mwimbaji anayekaririshwa sifa ni hivyo hivyo, na chama kinachomsikiliza hakijifunzi lolote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, chama kisimlipe mtu ili asifu. Kikimwalika mwimbaji, kimlipe kwa kazi yake, na maneno yawe yake. Pili, katika mikutano ya matawi, Laela, Matai na kwingineko, vijana wapewe nafasi ya kufoka juu ya mbolea, bei na barabara. Viongozi wakae wasikilize mpaka mwisho, kisha wajibu. Tatu, kijana akisumbuliwa kwa wimbo wa kweli, tusimame naye, hata kama wimbo huo umetuchoma sisi.

Nanyi vijana, msiige Bronx wala Dar es Salaam. Msijisifie magari msiyoyapanda. Imbeni kwa Kiswahili, na kwa Kifipa panapofaa, mambo mliyoyaona kwa macho yenu. Wala msidhani matusi ni ushujaa: anayemtuhumu mtu bila kuchunguza ni mwongo sawa na yule anayesifu kwa malipo.

Mkutano ujao wa tawi uwanja ni wenu. Njoni na nyimbo zenu. Sisi tutakuja na masikio.