Usingizi na Akili Yako

Maneno haya niliyasema kwanza mbele ya wanafunzi wa uuguzi hapa Lubumbashi, kisha mbele ya wamama waliokuja kupimisha watoto. Wamama ndio walioniuliza mingi. Basi nayaandika kama nilivyoyasema.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja, na ulikuwa usiku wa nne wa zamu mfululizo. Muchana sikulala: nilifua, nilipika, nikaenda kwenye kilio cha jirani. Karibu saa kumi ya usiku nikatayarisha kinini kwa mtoto wa malaria. Nilisoma karatasi, nikavuta dawa. Mwenzangu akatazama sindano, akaniambia: "Dada, hii ni kipimo ya mukubwa." Nikasoma tena. Ni kweli. Kinini ya kupita kiasi inaweza kusimamisha moyo wa mtoto. Kinachonitisha hata leo ni kwamba sikusikia usingizi kabisa. Kama ungeniuliza, ningejibu: "Niko muzuri, nilisha kuzoea."

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye njaa anajua ana njaa. Lakini aliyekosa usingizi siku nyingi hajui vizuri, maana ile akili ya kumjulisha ndiyo yenyewe imechoka. Katika mwaka 1997, Dawson na Reid wa Australia walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alikosea kazi ya mkono na macho sawa na mtu mwenye pombe katika damu kwa kiasi ambacho inchi nyingi zinamkataza dereva. Hesabu mwenyewe: ukiamka saa kumi na moja ya asubuhi, saa 17 zinatimia saa ine ya usiku.

Usifikiri kwamba ubongo unalala kama jiwe. Usiku unapanga mambo ya muchana na kukaza fundisho ulilosoma. Mwanafunzi anayekesha mpaka asubuhi ya mtihani anajaza maji katika ndoo iliyotoboka. Tena, sehemu ya ubongo inayoshika woga na hasira inawaka upesi, na ile inayoituliza inalegea. Ndiyo maana neno dogo linakuwa vita.

Mji wetu unajua zamu. Tanuru za shaba zilianza kazi hapa mwaka 1911, na watoto wengi walikua wakiambiwa: "Nyamazeni, baba alitumika posti ya usiku." Baba alilindwa. Lakini mama nani anamlinda? Umeme unakatika, unarudi saa sita ya usiku. Mama anaamka, anapika, anapiga pasi, anajaza ndoo wakati maji yanatoka. Saa kumi na moja anaamka tena. Kisha watu wanasema amebadilika. Mmoja aliletwa kwetu, na nyuma yake watu wananong'ona habari ya bulozi. Nikamuuliza: "Mama, tangu siku gani ulilala usiku muzima?" Akahesabu kwa vidole, akaacha kuhesabu, akalia. Bwana wake akauliza: "Sasa nani atajaza ndoo?" Nikamtazama tu.

Na mtoto anayesinzia darasani, mbele ya kumwita kichwa nguvu, uliza alilala saa ngapi. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12. Mkubwa anahitaji saa 7 au zaidi. Lakini mtoto analala sebuleni, na wageni na televizyo haviondoki!

Amka saa ile ile kila siku, toka nje upate mwanga wa asubuhi. Kahawa uiache kisha chakula cha muchana. Saa tano zikipita, karibu nusu ya nguvu yake ingali katika damu. Bia inaleta usingizi, kisha inauvunja katikati ya usiku. Anayetoka zamu ya usiku afunge dirisha kwa kitambaa cheusi, na jamaa wamwache. Ninyi wauguzi, usiku dawa isomwe na watu wawili. Na katika baridi ya mwezi wa saba, mbabula ya makala isiingie chumbani hata kidogo: hewa yake mbaya haionekani wala hainuki, na inaua watu wakilala.

Kama usingizi umekukimbia majuma mawili, au unaamka alfajiri na moyo mzito, hakuna kinachokufurahisha, njoo hospitali. Kama mawazo ya kufa yanakuja, njoo leo. Mtu aliyeishi kwenye nzi tsetse, sasa analala muchana na kukesha usiku na maneno yake yamevurugika, apimwe malale. Kuja na mtu unayekaa naye nyumba moja. Yeye ndiye anajua saa zako za kweli.