Programu Ikiganda, Kompyuta Isizimwe Kwanza



Kikundi cha vijana kimetoka Matema alfajiri, kimelipa nauli kupitia Ipinda hadi Kyela mjini, na kimekaa steshenari saa nzima kikimsomea mchapaji andiko la mradi wa mpunga. Kinaomba mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile igawanywayo 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukurasa wa tatu ukikaribia kwisha, herufi zinakataa kutokea. Mchapaji anabofya mara kumi kwa hasira, kisha anazima kompyuta na kuiwasha upya. Kurasa zote tatu hazipo tena, wala wasifu wa mteja mwingine uliokuwa umefunguliwa kando.

Hasara ya namna hiyo mara nyingi huepukika, kwa kuwa kinachoganda aghalabu ni programu moja, si kompyuta nzima. Mshale wa kipanya bado unatembea, na juu ya dirisha pameandikwa "Not Responding", yaani programu haijibu. Huenda inasubiri printa iliyozimwa, flashi iliyochomolewa mapema, au mtandao uliokatika. Kitu hicho kirejeshwe, kisha isubiriwe dakika mbili tatu bila kubofya lolote, maana mibofyo ya ziada hupanga foleni na kuzidi kuielemea. Ikiamka, kazi ihifadhiwe papo hapo.

Isipoamka, kazi zilizo katika programu nyingine zihifadhiwe kwanza. Alt na Tab humhamisha mtumiaji kutoka dirisha moja hadi jingine. Ndipo, kwenye kompyuta za Windows, vibonyezwe kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Hutokea orodha ya programu zinazoendelea. Iteuliwe ile iliyoganda peke yake, kisha ibofywe "End task". Nyingine zote hubaki hai.

Hatua hiyo ina gharama: maandishi ambayo hayakuhifadhiwa ndani ya programu iliyofungwa yanaweza kupotea. Hata hivyo Word, ikifunguliwa tena, huweza kuonyesha nakala iliyojiwekea yenyewe, kwa kawaida kila dakika 10. Nakala hiyo isifungwe kwa pupa; ihifadhiwe kwa jina jipya. Kuzima kabisa kunabaki kwa siku ambayo hata mshale umekufa na vitufe havitoi jibu.

Mteja naye asikae kama mgeni wa kazi yake mwenyewe. Kabla neno la kwanza halijachapwa, aombe faili lipewe jina na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta, si kwenye flashi. Kila aya inapokwisha, aseme kwa upole, "Dada, naomba uhifadhi." Ni Ctrl na S tu, na mchapaji mzuri hakasiriki.